Koki Nne za Uani

Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikituma ujumbe, nausoma tena baada ya kuutuma, kana kwamba bado naweza kuuwahi njiani. Kazini kwetu tunachapa kadi za harusi, na mimi ndiye ninayeshika rula kupima pambizo za kadi ambayo mwalikwa ataitazama mara moja na kuiweka juu ya friji. Wenzangu hunicheka. Mwenye duka hanicheki, kwa sababu kadi iliyopita mikononi mwangu haijawahi kurudishwa. Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe nilivyoteseka pale nyumba yetu ilipoanza kupiga kelele, na watu wote wakaisikia isipokuwa mimi.

Nyumba yenyewe ni ya shangazi yangu, dada yake baba, na iko Bwaise, mtaa wa bondeni, hatua chache kutoka barabara ya Bombo. Tunaishi wawili tu. Aliyeijenga ni babu, na kwa kuwa alijua mvua kubwa ikinyesha maji huja mpaka barazani, hakulifukia bomba chini kama wafanyavyo watu wa mlimani. Alilipitisha ukutani, usawa wa kiuno, kuanzia kwenye mita iliyo nje ya ukuta wa mbele, likapita ubavu wote wa nyumba, likaishia uani. Ni bomba la chuma, refu, limenyooka bila kona hata moja. Mafuriko yameshaingia chumbani kwangu yakachukua viatu, lakini bomba la babu hayajawahi kuligusa.

Kila Jumamosi na Jumapili, tangu alipofiwa na mumewe, shangazi hufundisha darasa la wanawake ukumbini. Saa nane mchana mikeka inatandikwa. Wanakuja kumi na wawili, siku nyingine kumi na watano, wanasoma Kurani, wanafundishwa mambo ya dini, na wanacheka kuliko mtu angetarajia. Saa kumi ikikaribia wanatoka uani kutawadha kwa ajili ya Alasiri, kisha wanasali pamoja. Saa hizo mwanamume hakai nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniambia nitoke. Wanawake wanavua shungi na kukunja mikono ya nguo, na mimi huwa tayari niko ng'ambo ya barabara nikinunua chapati.

Kabla ya Ramadhani niliamua kulipatia darasa zawadi. Uani kulikuwa na koki mbili za kale, za kuzungusha, ngumu kiasi kwamba aliyezifunga alibaki akijisugua kiganja. Kwa sababu hiyo karibu kila mtu alitawadha kwa birika. Nilizing'oa nikaweka nne mpya, zile zenye mpini, unausukuma kidogo tu na maji yanakatika. Sikusomea ufundi bomba popote. Nilijifunza kwa simu, nikitazama video za mafundi na kuzisimamisha kila baada ya sekunde tano, mkono mmoja simu, mwingine spana. Midomo ya zile koki niliipanga kwa pimamaji mpaka yote minne ikawa kwenye mstari mmoja. Shangazi aliniombea dua mbele ya darasa zima, na nakiri kwamba dua ile niliivaa kichwani wiki nzima kama kilemba.

Idi ikapita. Ndipo kelele zikaanza.

"Bomba linagonga," shangazi aliniambia Jumapili moja niliporudi na chapati zangu. "Wanangu wanashtuka."

Wanafunzi wake wote huwaita wanangu, hata wale wanaomzidi umri.

"Linagonga vipi?"

"Mimi nilikuwa ukumbini, nimeketi. Waulize wao."

Nikawauliza, langoni, walipokuwa wakitoka. Mmoja ni mke wa askari polisi, mzaliwa wa kaskazini, mwenye sauti ya kuita gwaride zima. Alisilimu alipoolewa, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Aliniambia, "Hiyo bomba yenu iko napiga mlango. Ko! Ko! Ko! Mimi nikasema karibu. Hakuna mutu naingia."

Mwingine, mama mwenye nyumba kubwa mlimani, anayeshuka kila wiki na gari lake safi kwenye vumbi letu, alisema si kugonga, ni kama mbuzi anayepiga pembe kwenye bati. Wa tatu, aliyekuwa na mimba kubwa, alisema hajui ni nini, ila mtoto wake tumboni ameshaanza kujibu.

Nilingoja waondoke. Nikaingia uani, nikafungua koki ya kwanza, nikaifunga. Kimya. Ya pili, kimya. Nikazifungua zote nne, nikazifunga moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayefunika watoto waliolala. Kimya kabisa. Siku zote za wiki nilitawadha hapo asubuhi na jioni, na bomba halikutoa hata mguno. Jumamosi iliyofuata shangazi akanipokea mlangoni: "Leo limepiga zaidi."

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kupungua. Mtu wa aina yangu anaweza kuvumilia kosa analoliona. Asiloweza kulivumilia ni kosa linalomngoja atoke nyumbani.

Nilinunua daftari. Niliandika kila jambo lililoweza kuwa sababu na kulitengea ukurasa wake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hewa: maji yakikatika mtaani, yanaporudi husukuma hewa iliyomo bombani. Nikafungua koki zote na kuyaacha maji yapite mpaka yakatoka bila kukohoa. Wikendi ilipofika, lilipiga. Ukurasa wa pili ulikuwa wa boya la tangi letu la akiba, ambalo nilisoma kwamba huweza kuchezacheza na kulitikisa bomba. Nikabadilisha boya. Lilipiga. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa bomba lenyewe, ambalo kwa miaka mingi lilishikwa na misumari ya babu iliyolegea. Nikalifunga vishikizo vipya ukutani, kumi na moja, kila kimoja na kipande cha mpira chini yake. Kazi ilikuwa nzuri. Nilimwita shangazi atazame. Akapitisha mkono, akasema mashaallah.

Jumapili likapiga tena, na safari hii mama mjamzito akaangusha birika.

Wanawake wengine wakaanza kunong'ona kuhusu jini. Shangazi hakutaka kusikia. "Jini gani huyo," alisema, "anayekuja wikendi tu kama mfanyakazi wa serikali?" Lakini yule mama wa mlimani, kwa nia njema kabisa, alitoa wazo lake. Nyumbani kwake kuna ukumbi mpana, zulia, bafu mbili za wageni. Kwa nini darasa lisihamie huko? Wengi waliona ni jambo jema. Wakakubaliana wangoje wiki moja. Kama hali ingekuwa ile ile Jumamosi baada ya hiyo, wangehama.

Shangazi alinieleza hayo akiwa amegeuza uso, anakunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Na wewe utakuwa unapandaje huko?" nilimuuliza. Magoti yake hayampi hata ngazi tatu za benki.

"Mimi na bodaboda tuliachana zamani. Watapata mwalimu mwingine. Huko mlimani walimu hawakosi."

"Lakini darasa ni lako."

"Darasa ni la Mungu, baba." Huniita baba kwa sababu nina jina la babu yangu. Kisha akasema polepole, "Ila nilikuwa nimelizoea."

Sijui kama kuna neno lililowahi kuniuma kuliko hilo. Shangazi hana mtoto. Siku tano za wiki nyumba yetu ni ya watu wawili wanaoongea kwa upole. Siku mbili ni soko. Ningekuwa tayari kung'oa bomba lote la babu kwa meno.

Siku ya Jumamosi, ikiwa imebaki wiki moja, sikwenda kwenye chapati. Nilikuwa nimesoma kwamba fundi asiyeweza kuliona bomba anaweza kulisikiliza: ushike kijiti kikavu, ncha moja kwenye bomba, ncha nyingine kwenye sikio, na sauti itasafiri. Kijiti sikuwa nacho, nikachukua mwiko wa ugali jikoni. Nikajikunyata nje ya ukuta wa mbele, kando ya mita, mwiko sikioni, kalamu mkononi, na kadi ya harusi iliyoharibika kazini ikiwa karatasi yangu. Ndani, nyuma kabisa, niliwasikia wanatoka uani wakicheka.

Muuza chapati alinitazama kutoka ng'ambo huku akigeuza yai.

"Ssebo! Bwana! Bomba inasema nini?"

"Bado."

"Ikinisalimia, nijibie!"

Bodaboda mmoja alisimama kabisa, akazima pikipiki ili asikose. Nilitamani ukuta unimeze. Mara, ko! Niliisikia kwa mara ya kwanza, ndani ya mwiko na ndani ya fuvu langu pamoja. Nisamehewe, lakini nilitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mwezi wa Idi.

Ko! Ko! Kokoko! Ko! Ilikuwa vurugu, haina mpangilio, kama watu wanne wakitwanga kwenye kinu kimoja. Nikaandika vistari mpaka kadi ikajaa nyuma, nikageukia mbele, nikaandika juu ya jina la bwana harusi. Haikuwa na maana yoyote. Kisha zikapungua, zikakoma. Niliwasikia wakiingia ndani kujipanga. Nilikuwa karibu kuinuka, magoti yamekufa ganzi, ndipo mtu mmoja aliyechelewa akaja uani peke yake.

Ko, ko, ko. Kituo kidogo. Ko, ko, ko. Kituo. Ko, ko, ko. Kituo. Ko, ko, ko.

Niliandika: tatu, tatu, tatu, tatu. Zikaja tatu nyingine, na tatu nyingine. Kisha moja, peke yake. Nilipoandika ile moja, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshapita juu ya kichwa changu bila mimi kuutuma.

Nikautazama ule mkono. Nikaitazama kadi. Viganja mara tatu. Kinywa mara tatu. Pua, tatu. Uso, tatu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Kichwa mara moja. Ikaja moja nyingine, nikasema kwa sauti, "Masikio!" Muuza chapati akaitika, "Naam?" Nikamwonyesha kidole angoje. Ko, ko, ko: mguu wa kulia. Ko, ko, ko: wa kushoto. Kimya.

Bomba lilikuwa linatawadha. Lilianza pale pale tunapoanza sote na likamaliza pale pale tunapomaliza, wala halikuruka kiungo. Nilicheka peke yangu kando ya mita mpaka mwenye bodaboda akawasha pikipiki na kuondoka, nadhani kwa hofu.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipoingia uani jioni, wanawake wakiwa wameshakwenda. Nilitaka kujua kwa nini kwao ligonge na kwangu lisigonge. Nikasimama mbele ya koki, nikatawadha kama kawaida yangu, nikijitazama kama ninavyomtazama fundi kwenye simu. Ndipo nilipoona. Mimi nilipofungua koki sikuifunga tena mpaka mwisho, na hapo niliifunga taratibu. Maji yalitiririka muda wote nikiosha kiwiko, nikitilia shaka kiwiko, nikirudia kiwiko. Wanazuoni wana neno kwa maradhi haya, nalo ni wasiwasi, na dawa yake wanasema ni kuacha kurudia. Mimi huwa narudia hata kuacha. Kwa hiyo bomba halikupata nafasi ya kugonga, kwa sababu sikulifunga. Shangazi naye hutawadha kwa birika, ameketi kwenye kigoda, kwa ajili ya magoti yake. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu wa kulifanya lipige.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. "Shangazi, unawafundishaje kutumia zile koki?"

Akanishangaa. "Tangu Idi nawafundisha wasifanye israfu. Maji usiyamwage ovyo hata ukiwa ukingoni mwa mto. Unafungua, unateka kiganja, unafunga. Unaosha. Unafungua, unateka, unafunga."

"Nionyeshe."

Alikuja uani akijikokota, akasimama mbele ya koki ya kwanza. Akafungua kwa kidole, akakinga kwa viganja vyote viwili, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, akaupiga mpini kwa kiwiko. Pap! Ukuta ukajibu: KO!

Tukatazamana.

"Basi ni mimi!" alisema.

Hapa lazima niungame jambo. Dakika ile nilikuwa na njia rahisi. Ningeweza kusema ni shinikizo la maji, sisi wa bondeni tunapata maji yenye nguvu kuliko wa mlimani, jambo ambalo ni kweli. Ningeweza kubadilisha koki kimyakimya, nikisema hizi zimechakaa. Nilitazama ile mipini minne iliyonyooka kwa pimamaji, zawadi niliyoombewa dua mbele ya watu.

"Si wewe, shangazi. Ni koki zangu."

Nikamweleza kama nilivyoelewa. Maji yanayokimbia ndani ya bomba refu ni kama lori la matoke linaloshuka mlima. Koki ya kale ilikuwa dereva mwenye adabu, ilipunguza mwendo taratibu. Koki yangu inafunga breki ghafla, na mikungu yote nyuma inajigonga mbele. Bomba la babu halina kona wala mahali pa kupumulia, kwa hiyo kishindo chote kinakwenda ukutani. Nikamwambia nimelipatia darasa lake zawadi ya kulivunja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaupiga tena mpini kwa kiwiko. Pap! KO! Akacheka. Akaenda koki ya pili, ya tatu, anapiga na kucheka kama msichana anayegonga milango ya majirani na kukimbia, ila yeye hawezi kukimbia.

"Wewe umeleta koki za haraka," alisema akijifuta macho. "Mimi nikawafundisha haraka ya kufunga. Tumesaidiana."

Nilitaka tupate suluhisho usiku ule ule. La kwanza lilikuwa rahisi: kesho yake asubuhi, ingawa ilikuwa Jumapili, nilikwenda kazini nikachapa tangazo zuri, herufi za aina mbili, limefunikwa plastiki, FUNGA POLEPOLE. Shangazi alilisoma akalirudisha mkononi mwangu.

"Mtu yuko mbele ya maji, moyo wake umeanza kwenda kwa Mola wake, wewe unamwekea alama ya barabarani?"

"Ni maneno mawili tu."

"Wanangu wakihifadhi maji wamefanya jambo jema. Ugonjwa utibiwe kwenye bomba."

Alisema kweli, na daftari langu lilikuwa na jibu kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuutumia. Unalitafutia bomba mahali pa kupumulia. Mwisho wa safu ya koki unaunga kipande kingine cha bomba kinachosimama wima, kirefu kama mkono, na juu yake unakiziba. Ndani inabaki hewa. Maji yakisimamishwa ghafla yanapanda humo na kuikalia ile hewa kama mtu anayekalia mto, halafu yanatulia.

Jumatatu baada ya kazi nilikwenda kwenye duka la vifaa vya bomba, nyuma ya maduka ya jumla ya Kikuubo, nikijipenyeza kati ya wabeba marobota. Nilikuwa na vipimo vyote kwenye karatasi.

Muuzaji alivisoma. "Huku inaunga na bomba. Sawa. Huku juu inaunga na nini?"

"Na kifuniko."

"Baada ya kifuniko?"

"Hakuna kitu."

"Sasa maji yakiingia humu yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote."

Akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye kahawa. "Njoo usikie. Huyu ssebo ananunua bomba la kwenda kukaa tu."

"Ndiyo," nilisema. "Hasa."

Walicheka, lakini walikata vizuri na kuchonga nyuzi pande zote mbili, na nilipowaomba wazitazame tena nyuzi, wakazitazama. Mara ya tatu wakanifukuza.

Ijumaa, baada ya sala ya msikitini, mwenye duka letu la kadi aliniruhusu niwahi nyumbani. Nilifunga maji kwenye mita, nikamwaga yaliyobaki bombani ili hewa iingie, nikafungua mwisho wa safu, nikasokota tepu nyeupe kwenye nyuzi, nikaunga. Nilipomaliza na kurudi nyuma hatua tatu, niliona kile kipande kimeinama upande wa kushoto. Kidogo sana, upana wa ukucha. Nikashika spana nikifungue.

"Kinavuja?" shangazi aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Hapana, lakini kimepinda."

"Kinavuja?"

"Hapana."

"Basi weka spana chini. Hata babu yako hakuwa amenyooka."

Niliiweka chini. Ni jambo dogo kuandika, lakini sikumbuki kama nimewahi kuacha kitu kilichopinda hivyo na kuondoka. Tulipiga koki zote kwa viwiko, yeye na mimi. Hakukuwa na ko. Kulikuwa na pu, ndogo, ya mbali, kama mtu amekaa kwenye godoro chumba cha pili. Lakini tulikuwa wawili. Mtihani wenyewe ulikuwa watu kumi na watano.

Jumamosi saa kumi kasoro robo nilikuwa ng'ambo ya barabara, chapati mkononi. Simu ikalia. "Njoo uani," alisema shangazi. "Wote wamejisitiri. Njoo na spana."

Niliwakuta wamejipanga, shungi zao vichwani, mikono ya nguo imeshushwa, macho yote kwangu. Wanne walikuwa wamesimama mbele ya koki. Kwenye koki ya mwisho, karibu na kile kipande changu kilichopinda, alisimama mama wa mlimani. Mke wa polisi alishika ya kwanza.

"Hii si ya kutawadha," shangazi alitangaza. "Hii ni ya kupiga. Bismillahi, fungeni kama mlivyokuwa mkifunga."

Nikaweka kiganja ukutani, juu ya bomba. Wakafungua. Wakapiga viwiko. Pap pap pap pap! Bomba likatetemeka kidogo chini ya kiganja changu, kama paka anayeguswa mgongoni, likatulia.

Wakainamisha masikio ukutani.

"Tena," alisema mama wa mlimani, akakunja uso, akaupiga mpini wake kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye bangili nyingi kiasi kile. Pu. "Tena!" Wakabadilishana zamu. Kila mmoja alitaka kupiga. Mjamzito alipiga kwa kiwiko cha kulia, kisha cha kushoto, kisha akashika tumbo na kusema, "Amenyamaza!" Mtu akapiga kigelegele, maji yakatapakaa sakafuni yakafika kwenye viatu vyangu, mpaka shangazi akapaza sauti: "Maji! Maji! Nimewafundisha nini mimi?"

Wakacheka, wakafunga. Shangazi akanitazama, na nikajua ameniachia mimi sehemu iliyobaki.

"Nataka kusema kitu," nilisema. "Kelele zililetwa na koki hizi. Ni mimi niliyeziweka. Mliniombea dua kwa kitu kilichokuwa kinawatisha. Naomba radhi."

Kisha mke wa polisi akainua mkono kunionyesha kwa wenzake.

"Banange! Kumbe jini ni hii! Iko na spana!"

Sijawahi kuchekwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, na sijui nielezeje kwamba ilikuwa raha. Mmoja akaniita shekhe wa majini. Mwingine akauliza kama dua ile irudishwe au niendelee nayo. Shangazi alisema dua ikishatoka haina risiti. Wakati wote huo mama wa mlimani alikuwa amekishika kile kipande cha bomba, anakipapasa kutoka chini hadi kwenye kifuniko.

"Hajati," alimwambia shangazi, "mimi nilishawaambia dada zangu wawili kwamba darasa linakuja kwangu. Sasa wameshanunua shungi mpya."

Shangazi alishika ukuta.

"Itabidi niwalete hapa," mama yule akaendelea. "Lakini foleni kwenye koki ni ndefu. Huyu kijana anaweza kuongeza mbili?"

Shangazi aliinama akachukua birika lake kutoka chini ya kigoda. "Anaweza," alisema. "Muulizeni."

Koki mbili zaidi zingekuwa sita. Sita zingefika mpaka kwenye kona ya jiko, bomba lingerefuka, na sikuwa na uhakika kama hewa ya kipande kimoja ingetosha kwa viwiko sita. Huenda ningehitaji kipande cha pili. Huenda ningehitaji kukihamisha cha kwanza, na hapo hapo nikinyooshe. Nilikuwa nimeshatoa futi ya kupimia mfukoni na kupiga goti kwenye maji.

"Fundi," mke wa polisi alisema juu ya kichwa changu, "Alasiri imeingia. Toka nje tutawadhe."